Mkono Mfupi Ulionifikisha Ziwani

Tangu nirudi, kila nikiketi kushona magunia pale kinuni, mmoja wenu huja akainama sikioni mwangu na kuuliza, "Elija, hebu sema, ilikuwaje?" Nimeisimulia safari hii vipande vipande mpaka vipande vyenyewe havipatani. Wako wanaosema nilivuka Malewa kwa kuogelea. Wako wanaosema nilibebwa na gari la maziwa, na hao ningependa kuwajua majina. Kwa hiyo nimeandika yote mara moja, mpeane karatasi hizi mkono kwa mkono, kisha mniache nishone magunia yangu kwa amani. Habari za ruhusa, pasi na mihuri nimeziruka. Kila mmoja wenu anazijua, na sijaona mtu aliyeburudika nazo.

Sababu ya safari ilikuwa Rebeka. Nilimfahamu alipokuja Nakuru kumtunza shangazi yake mgonjwa, akawa anaimba kanisani kwetu, na tangu Jumapili ya kwanza nilijua kwamba nikimkosa huyo nitakuwa mtu wa kununa maisha yangu yote. Baba yake, mzee Nathani, ni nyapara wa wakamuaji katika shamba moja la ng'ombe kusini mwa ziwa la Naivasha. Baba yangu mdogo Yona alipopeleka posa, mzee alisikiliza, akanywa chai, kisha akauliza habari za mguu wangu.

Mnaujua mguu wangu. Nilipokuwa mtoto nilianguka kutoka juu ya mkokoteni wa mahindi, mguu wa kushoto ukavunjika, ukaunga ukiwa umepungua. Nachechemea. Mnajua pia kwamba sipendi jambo hilo litajwe, na kuna mmoja wenu aliyewahi kulitaja akapigwa na gunia tupu.

"Huyo kijana aje mwenyewe," mzee Nathani alimwambia Yona, "kwa nguvu ya miguu yake. Asiletwe na treni, kwa makaa ya serikali. Hapa kazi ni ya kusimama na kutembea. Sitampa binti yangu mume wa kubebwa mgongoni."

"Na akija kwa baiskeli?" Yona akauliza.

"Nani ataikanyaga?"

"Yeye."

"Basi hiyo ni miguu. Lakini awe hapa Jumapili, wazee wangu wakikaa baada ya ibada. Dereva wa trekta naye ametuma watu. Nimewaambia wangoje mpaka siku hiyo tu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yangu: karibu maili sitini, siku mbili, na dereva wa trekta mwenye miguu miwili mizuri.

Bondeni: ngazi mbili na kipande cha chaki

Kabla ya kuondoka nilihitaji baiskeli, na baiskeli nilitengenezewa na fundi Shem. Hukaa kwenye baraza ya duka moja la vitambaa kule Bondeni, na wengi wenu mmepita kwake. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo huyasema akiwa ameshika msumari kwa meno. Huunganisha baiskeli kutoka kwa vyuma vya baiskeli zilizokufa, na zikitoka mikononi mwake hazilii wala hazitikisiki.

Nilipomweleza ninakokwenda hakunionyesha baiskeli yoyote. Alionyesha ngazi mbili za kupandia barazani.

"Panda."

"Mzee, mimi nimekuja kutafuta baiskeli. Ngazi sina haja nayo."

"Panda. Shuka. Panda tena, anza na ule mwingine."

Nilipanda na kushuka kama mara kumi huku wanunuzi wa vitambaa wakinitazama, na hasira ikinipanda pamoja nami. Shem alikuwa amechutama pembeni. Kila nilipokunja goti alichora mstari wa chaki ukutani karibu nalo. Mwishowe kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, nami nikajisemea kwamba mzee huyu mkono wake umeanza kutetemeka, hata kuchora mstari sawa hawezi. Ukuta ule wote ulikuwa umejaa mistari ya chaki. Nilidhani ni kazi ya watoto wa mwenye duka.

Baada ya juma moja baiskeli ilikuwa tayari, nyeusi, kiti cha ngozi kuukuu, na kimkoba cha spana nyuma yake. Niliizungusha sokoni mara mbili. Jamani! Nimewahi kuazima baiskeli za watu, na kila mara niliyumba juu yake kama gunia lililofungwa vibaya. Hii nilikaa sawa. Nilidhani ni ubora wa kiti.

"Sikiliza," Shem alisema, na safari hii alitoa msumari mdomoni. "Upepo ni wako. Ukipungua, jaza. Chuma ni yangu. Mtu asiguse chuma mpaka urudi hapa."

Nikacheka kimoyomoyo. Mwamba ngozi huvutia kwake, nikajua anataka nisiwape mafundi wengine kazi.

Nakuru hadi Kariandusi: watu weupe kwa vumbi

Niliondoka Jumamosi alfajiri. Baba mdogo Yona alikuwa amekwisha kwenda kwa treni siku iliyotangulia, na jogoo wawili na blanketi la mzee, akisema ataniwekea nafasi ya kukaa kama nikifika. Neno hilo "kama" lilinisindikiza mpaka Lanet.

Baridi ya asubuhi ilikuwa kali, lakini barabara ilikuwa tupu na baiskeli ilikwenda. Mlima wa kwanza nilitazamia kushuka nisukume. Sikushuka. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unapokea, wa kulia tena, na mabega yangu yametulia. Kufika Mbaruk nilikuwa nikiimba sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya, ambayo kanisani hukatazwa kuiimba. Ziwa la Elmenteita lilipoonekana chini kule, na flamingo wamelipaka ukingo rangi ya waridi, nilisema asante Mungu kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Karibu na Kariandusi nilikuta kikundi cha wanaume wamekaa kando ya barabara wakila, weupe pe kwa vumbi, nyusi, nywele, hata midomo. Mimi nimefanya kazi ya unga miaka sita. Nilishuka kwa furaha nikawauliza, "Wenzangu, ninyi ni wa kinu gani?"

"Kinu gani?" mmoja akashangaa.

"Hicho cha unga."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Kumbe huchimba ule udongo mweupe wa pale mlimani, nami niliyekuwa tayari kuwapa salamu za ukoo nikabaki nimesimama. Walinikaribisha hata hivyo, wakanipa viazi vitamu vya kuchoma na uji mchachu katika kibuyu. Ulikuwa mzuri kuliko chai yoyote ya hoteli, ingawa ulikuwa na ladha kidogo ya ule udongo.

Nilipowaaga na kwenda kuchukua baiskeli, mzee mmoja alinitazama ninavyotembea, akasema, "Kumbe una shida ya mguu! Ulipokuwa unakuja sikuona kitu. Umekaa juu ya hiyo kitu kama mtu amekaa kanisani."

Rafiki zangu, tangu nilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni, hakuna mgeni aliyenitazama nikija akashindwa kuona. Watu huniona kwanza mguu, kisha jina. Nilipanda baiskeli upesi wasione uso wangu.

Gilgil: wema wa fundi Barnaba

Kupanda kuelekea Gilgil ndiko mnyororo ulikokatika. Nilisukuma maili tatu chini ya jua, nikaingia mjini saa sita na nusu nikiwa na kiu, na wa kwanza kuniona alikuwa fundi mmoja nje ya soko, kijana mchangamfu aitwaye Barnaba, mwenye kofia ya kijeshi na cheko la haraka.

"Mnyororo tu? Bwana, kula chakula, ukirudi iko tayari."

Nikakumbuka neno la Shem kwamba chuma kisiguswe. Lakini mnyororo hauwezi kujazwa kwa pampu. Nikaiacha baiskeli, nikaenda kula maharagwe na chapati katika hoteli moja. Chapati zilichelewa, kisha zikaja mbichi, zikarudishwa, zikachelewa tena. Sikujali. Nilikuwa na maili za kutosha mfukoni na mchana mzima mbele yangu.

Niliporudi nilimkuta Barnaba amesimama kando ya baiskeli kama baba wa bwana harusi.

"Bwana, nani amekutengenezea hii?"

"Fundi mmoja wa Nakuru."

"Huyo amekuibia! Ona." Alishika mkononi kile chuma kinachoshika pedali, ule mkono ambao mafundi huuita kranki. "Hii ilikuwa upande wa kushoto. Nimepima na rula. Inchi sita! Na ya kulia ni inchi saba. Alikuwekea ya baiskeli ya mtoto! Mtu mzima na pedali za namna mbili! Mimi nimekuwekea ya inchi saba, sasa ziko sawa. Hii ni zawadi, usinipe kitu."

Nilichukua rula nikapima mwenyewe. Alikuwa amesema kweli. Damu ilinichemka. Mara nikaona yote: zile ngazi, ile chaki, ule ujanja wa "mtu asiguse chuma." Mzee alinipandisha na kunishusha mbele ya watu ili nisiangalie vyuma anavyoniwekea! Nilimshukuru Barnaba kwa mikono miwili, nikafunga ule mkono mfupi katika kipande cha gunia na kuutia mkobani. Nilikusudia kumrudishia Shem palepale barazani, mbele ya wateja wake, na maneno niliyatunga kabisa. Yalikuwa maneno mazuri sana.

Gilgil hadi daraja la Malewa: kiti juu, kiti chini

Sikufika mbali kabla ya mambo kugeuka.

Kila pedali ya kushoto iliposhuka, mguu wangu uliifuata na kuikosa. Ilinibidi nikanyage kwa ncha ya vidole na kuinamisha kiuno upande ule, kisha nirudi, kisha niiname tena. Kiti kikaanza kunichuna. Baada ya maili mbili goti lilianza kuuma, na baada ya nne lilikuwa likiuma hata mahali ambapo hakuna goti.

Ushauri haukukosekana. Mchungaji mmoja wa mbuzi alisema, "Shusha kiti." Nilikishusha. Mguu wa kushoto ukafika, lakini sasa goti la kulia lilikuwa likipanda mpaka karibu na kifua, na mapaja yakawaka moto. Mwanamke aliyebeba kuni alisema, "Hiyo kiti iko chini sana, inua." Nilikiinua. Mguu wa kushoto ukaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Mlinzi wa geti la shamba alisema nibadilishe viatu. Nilikuwa nimevaa vile viatu vyangu vya Jumapili, na nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Nilishuka nikasukuma. Kusukuma baiskeli kwa mguu unaochechemea, goti likiwa limevimba, ni kazi ya mtu aliyekosea mahali fulani katika maisha. Na bado sikumlaumu Barnaba hata kidogo. Nilimlaumu Shem: nikasema alinipa baiskeli mbovu tangu mwanzo, na sasa ubovu umejitokeza. Hasira hasara, lakini nani husikia akiwa amekasirika.

Jua lilikuwa limeshuka nilipofika karibu na daraja la Malewa. Nilikuwa na maili zaidi ya ishirini mbele yangu na goti lisilokunjika. Nilihesabu mara tatu. Kwa mwendo ule wa kusukuma ningefika kwa Rebeka Jumatatu, nikamkute amekwisha ahidiwa dereva wa trekta. Niliketi kando ya njia nikalia, nami nasema hivyo wazi kwa kuwa nimeahidi kuandika yote.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mzee alipotokea kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la jirani, akaja mbio akinipungia leso.

"Mwalimu! Karibu mwalimu! Tumekungoja tangu asubuhi!"

Aliitwa Mama Tabitha, mjane wa mkamuaji. Kanisa lao lilikuwa likimtazamia mwalimu mpya, aje kwa baiskeli, siku ile ile. Nilifungua mdomo nimsahihishe, lakini nilikuwa nimesikia harufu ya kuku. Nikaufunga.

Nilikalishwa kwenye kiti cha pekee, nikawekewa ugali, kuku na maziwa ya mgando. Kisha akainamisha kichwa. "Mwalimu, tubarikie."

Nikaomba. Nilijikwaa, nikashukuru kwa kuku mara mbili, nikasahau kusema amina. Mama Tabitha alifumbua jicho moja.

"Wewe si mwalimu."

"La, mama. Mimi ni mshona magunia."

"Nimejua. Umeomba kama mtu anahesabu mzigo." Akanisogezea paja la kuku. "Kula. Mwenyewe akija atakula mayai."

Kwa Mama Tabitha: ngazi za ghala

Nililala kwake, na Jumapili kulipopambazuka goti lilikuwa limepungua kidogo. Mama Tabitha alinieleza kuna gari la maziwa linalopita kuelekea Naivasha, naye dereva humfahamu. Nilifikiri sana. Nani angejua? Lakini mzee Nathani angeniuliza usoni, na mimi nikidanganya masikio yangu huwa yanacheza. Nikasema hapana.

"Basi nishushie mahindi ya kuku, halafu uende na Mungu," akasema, akanionyesha ghala dogo lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye vipandio viwili vya gogo.

Nikapanda. Niliweka mguu wa kulia, nikauvuta wa kushoto. Nikashuka na kikapu, nikapanda tena kuchukua mengine, na mara hii nikaanza na wa kushoto. Nilisimama palepale katikati ya kipandio. Nilikuwa nimewahi kufanya hivi hivi, karibuni tu, mbele ya mtu aliyechutama na chaki.

Anza na ule mwingine.

Kikapu kiliniponyoka. Niliketi chini kwenye vumbi, nikavua viatu, nikanyoosha miguu yote miwili mbele yangu na kuunganisha visigino. Wa kushoto ulikomea nyuma ya mwenzake kwa upana wa kidole gumba. Nikachomoa ule mkono mfupi kutoka kwenye gunia, nikausimamisha kando ya ule wa Barnaba. Kidole gumba.

Sikumbuki nilisema nini. Mama Tabitha anadai nilisema, "Mzee Shem, nisamehe," na kwamba nilisema mara nyingi. Najua tu kwamba yale maneno mazuri niliyoyatunga Gilgil yalinirudi yote, moja moja, na kila moja lilinichoma. Mtu yule aliona ninachoficha. Angeweza kunipima mguu kwa kamba hapo barazani, mbele ya wanawake wa vitambaa, na kusema, "Wewe mguu wako ni mfupi inchi moja." Badala yake alinipandisha ngazi, akachukua lawama ya ujinga wangu, akatengeneza, akanyamaza.

"Mama, una nyundo?"

Alikuwa na ile ya kuvunjia chumvi ya ng'ombe. Spana nilikuta katika kimkoba cha kiti, ya saizi ile ile iliyotakiwa; Shem aliitia yeye. Nilitoa kwanza ile pini inayokaza mkono, kwa nyundo kubwa kuliko haja. Kisha pedali ikakataa kutoka. Nilivuta spana mpaka mishipa ikasimama.

"Mbona unazidi kukaza?" Mama Tabitha akauliza.

"Nafungua, mama!"

"Basi jaribu kukaza, pengine itafunguka."

Nilimtazama kwa dharau, nikageuza spana upande mwingine ili aone ujinga wake. Ikafunguka. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, na mjane aliyekuwa hajawahi kupanda baiskeli alilijua hilo kabla yangu. Nilimshukuru, nikarudisha mkono mfupi mahali pake, nikaigonga ile pini mpaka ikakaa, nikapandisha kiti mpaka kwenye alama aliyoikwaruza Shem. Nilipokanyaga mara ya kwanza, pedali ilikuja ikakutana na unyayo wangu, kama siku ile sokoni.

Naivasha hadi ziwani

Sehemu hii ni fupi kwa sababu niliiendesha upesi. Goti liliuma, lakini liliuma kwa kunyamaza. Naivasha nilipita watu wakitoka ibadani. Baada ya hapo ni barabara ya vumbi kusini mwa ziwa, vumbi jepesi linalomeza tairi, migunga pande zote mbili, na viboko wakikoroma kwenye matete. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilianguka mbele ya kongoni, naye aliondoka polepole, kwa adabu.

Saa nane mchana niliona nyumba za wafanyakazi, na chini ya kibanda cha mabati wazee watano wamekaa. Baba mdogo Yona alikuwa amesimama akizungusha kofia yake mikononi. Kando, juu ya benchi, walikaa wanaume wawili wenye suti. Nilijua ni wa nani.

Nikashuka. Nilitaka kutembea vizuri zile hatua za mwisho, lakini goti lilikataa, na nilichechemea vibaya kuliko siku zote. Rebeka alitoka jikoni na birika. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, mimi niliyekuwa mweupe kwa vumbi kama wale wa Kariandusi.

"Umechelewa," akasema. "Chai imepoa. Nitaichemsha."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno tamu kuliko hilo.

Mzee Nathani, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, hakunisalimu bado. "Nilikuona ukiwa kule kwenye mgunga," alisema. "Nikawaambia hawa, huyo si yeye. Huyo anakuja sawa. Sasa nashangaa."

Alikwenda kwenye baiskeli. Aliikagua kama anayekagua ng'ombe mnadani, akashika pedali, akazizungusha kinyumenyume, akachutama. Nikajua ameona.

"Hii mkono moja ni fupi."

Wazee wakageuka. Wale wawili wa dereva wa trekta wakanyoosha shingo. Ningeweza kusema ni kosa la fundi. Neno lilikuwa ulimini. Kisha moyoni nikamwona Shem amechutama na chaki yake.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja. Fundi aliuona, akaifanya baiskeli ichechemee, ili mimi nisichechemee."

Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Lilitoka, na mimi nikabaki nimesimama. Sikufa.

Mzee Nathani hakucheka. Aliingia zizini akarudi na kigoda cha miguu mitatu, akakiweka juu ya ardhi tambarare mbele ya wote. Kikalala upande. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa.

"Sakafu ya kukamulia imeinama upande," alisema. "Miaka kumi na mbili nakalia hiki. Walinicheka, wakaniambia Nathani ameharibu kigoda kizuri. Lakini maziwa yangu haimwagiki." Akakaa juu ya kigoda kile, kikayumba naye, akanitazama. "Umekuja kwa miguu yako. Yona, lete hao jogoo."

Wale wawili wenye suti waliondoka kabla ya chai, na nilipata moyo wa kuwahurumia, ingawa si sana.

Kurudi: ukuta wa Shem

Nilirudi kwa treni pamoja na Yona, baiskeli ikiwa behewa la nyuma. Mzee Nathani mwenyewe aliruhusu makaa ya serikali, kwa safari ya kurudi tu. Jumanne jioni nilikuwa barazani kwa Shem, na kuku wa asante niliyepewa na Rebeka.

Hakumtazama kuku. Alitazama baiskeli. "Nani amepiga hii pini na nyundo kubwa hivi?"

"Mimi."

"Nilikuambia mtu asiguse chuma."

Nikamweleza yote: Gilgil, Malewa, ghala, kigoda, hata maneno niliyomtungia. Aliendelea kubadilisha ile pini iliyopondeka, msumari ukiwa mdomoni. Nilipomaliza nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Angeniambia, nisingeteseka nusu ya njia.

"Ungekubali?" akauliza.

Nilifikiri. Ningempiga kwa gunia.

Nikaegemea ukuta, na hapo ndipo nilipoiona vizuri ile mistari ya chaki. Haikuwa ya watoto. Ilikuwa miwili miwili, ukuta mzima, mingine imefifia, mingine ya juzi. Iko jozi ya chini sana, ya mtu mfupi aliyefanyiwa mikono mifupi yote miwili. Iko ya mtu ambaye goti lake moja halikunjiki zaidi ya hapo. Karibu na kila jozi kuna alama ndogo ya kumtambulisha mwenye baiskeli, na baada ya kuzitazama nyingi nilianza kuwatambua wenyewe.

"Mzee, hawa wote wanajua?"

"Wanajua baiskeli yao ni nzuri," Shem alisema. "Wewe sema ya mguu wako, kama unataka. Ya wengine acha kwa ukuta."

Basi nimesema ya mguu wangu. Harusi ni baada ya mavuno, na Shem ndiye atakayekaa kando yangu. Nanyi mnaonicheka kinuni kwamba nimeposa kwa baiskeli inayochechemea, chekeni tu. Niliusoma ukuta ule mpaka giza likaingia, na alama za wanne kati yenu nimeziona.